Mkristo Katika Dakhalia: Maneno Machache Juu ya Kuikiri Dini Skulini

Muhula uliopita Mhariri wa gazeti letu alibandika tangazo ya kwamba kila chama cha skuli kilete habari zake. Chama cha Mpira kilileta, Chama cha Mijadala kilileta, na wenzetu wa Kiislamu walileta makala nzuri juu ya adabu za msikitini, ambayo mimi niliisoma mara mbili. Sisi wanafunzi wa Kikristo hatukuleta kitu. Mhariri aliponiuliza sababu nilimjibu kwamba sisi ni wachache mno. Akaniambia, "Kwani wachache hawana kalamu?" Nikaona haya, na ndiyo maana leo naandika.

Nawaandikia hasa wenzangu Wakristo wa skuli hii, na zaidi wale wa kidato cha kwanza walioingia mwaka huu. Walakini sitaandika neno ambalo Mwislamu atashindwa kulisoma, kwa kuwa gazeti hili ni letu sote. Wala sikusudii kumfundisha mtu namna ya kumvuta mwenzake katika dini yake. Hilo ni jambo jingine. Ninalotaka kulisema ni jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba Mkristo akiwa skulini ajulikane kuwa ni Mkristo, na asione haya wala hofu kujulikana.

Yafaa nianze kwa kuungama, maana mimi mwenyewe jambo hili lilinishinda.

Nyumbani kwetu ni Mbweni, si mbali na Kanisa la Mtakatifu Yohana. Wasomaji wengi waijua Mbweni kwa sababu ya bahari na magofu yake, lakini katika miaka ya 1870 Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoitwa kwa herufi zake UMCA, ilianzisha pale kijiji cha watumwa waliopata uhuru, pamoja na skuli ya wasichana. Basi sisi tumezaliwa katika dini hii, hatukuletewa jana. Lakini mwaka 2012 makanisa kadhaa yalichomwa moto katika kisiwa chetu. Novemba ya mwaka huo huo Sheikh Fadhil Soraga, aliyekuwa Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Kisha tarehe 17 Februari 2013, siku ya Jumaapili asubuhi, Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi akafa alipokuwa akifika kanisani kusomesha misa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minne, sikumbuki kitu. Mama yangu akumbuka yote. Siku aliponifungia sanduku langu nije dakhalia, alitia Biblia ndogo chini kabisa, chini ya mashuka, akaniambia, "Mwanangu, Mungu yuaona hata chini ya mashuka. Usijionyeshe."

Nami nilimtii mama yangu kupita kiasi. Jina langu la ubatizo lina ndugu yake katika Kiarabu, na wenzangu wakaniita hilo la Kiarabu kwa mzaha. Nikaliitikia. Baada ya miezi mitatu wageni hawakujua kwamba nina jina jingine. Jumaapili nilipotaka kwenda kanisani, niliandika katika daftari la ruhusa kwamba nakwenda mjini kumwangalia mjomba wangu mgonjwa. Sina mjomba mjini. Ninaye mjomba mmoja tu, yuko Korogwe, na afya yake ni nzuri kuliko yangu. Chakula nilikula bila ya kuomba baraka, au niliomba moyoni upesi upesi huku nikijifanya napuliza wali. Nikajiambia kwamba hii ni busara.

Nilipokuwa kidato cha pili aliletwa kijana mmoja kutoka bara, wa kidato cha kwanza. Baba yake alikuwa amehamishiwa kazi Unguja. Jumaamosi moja tulikuwa mferejini, watu kama kumi na watano, kila mtu na ndoo yake, twafua. Yule kijana akanijia, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Kaka, nimeambiwa wewe ni wa kwetu. Kesho naomba unipeleke kanisani, mimi sijui njia." Nikajibu, "Umekosea mtu."

Hakuna aliyecheka. Nafikiri wengi hawakuinua hata vichwa vyao, kila mtu alikuwa na kola ya shati lake la kusugua. Kijana akasema, "Samahani, kaka," akachukua ndoo yake kabla hajamaliza kusuuza. Jumaapili ile hakwenda kanisani, wala iliyofuata. Mimi nilikwenda kwa mjomba wangu mgonjwa, nikakaa katika benchi la nyuma, na somo la siku ile silikumbuki.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifanya niifungue Biblia nione maandiko yanasemaje juu ya mtu kama mimi. Nami sikulazimika kutafuta sana. Mtume Petro, usiku aliokamatwa Bwana wake, alikuwa akiota moto uani kwa Kuhani Mkuu pamoja na watumishi. Hakuna askari aliyemwekea upanga shingoni. Aliyemwuliza mara ya kwanza alikuwa mjakazi tu. Akakana, akakana tena, na mara ya tatu wale waliosimama pale wakamwambia kwamba usemi wake wamtambulisha, kwa kuwa Wagalilaya walikuwa na lafudhi yao. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Mimi lafudhi yangu ni ya Kiunguja, na ndiyo iliyonificha. Yule kijana lafudhi yake ya bara ilimtoa siku ya kwanza alipofungua mdomo. Yaani yeye hakuwa na pa kujificha, nami niliyekuwa napo nikamfungia mlango.

Tena kuna habari ya Danieli katika sura ya sita ya kitabu chake. Watu wengi hukumbuka simba peke yao. Lakini tazameni jinsi alivyokamatwa. Ilipopigwa marufuku kumwomba yeyote isipokuwa mfalme, Danieli alikwenda chumbani kwake, ambamo madirisha yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, akaomba mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapenda. Hakuyafungua madirisha siku ile ili aonekane shujaa, wala hakuyafunga ili awe salama. Yalikuwa wazi jana, na leo yakabaki wazi. Nadhani kuikiri dini ni hivyo tu, na mtu hahitaji kipaza sauti.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atanishika. Atasema, katika Mathayo sura ya tano Bwana Yesu ametuambia kwamba taa haifunikwi na kwamba matendo yetu mema yaonekane na watu, na katika sura ya sita, karatasi moja tu mbele, ametuambia tusali chumbani, mlango umefungwa, tusiwe kama wale wapendao kusimama njiani wakisali ili watazamwe. Je, tushike lipi? Nililipeleka swali hili kwa padri wetu, naye akaniuliza swali jingine badala ya kunijibu. Aliniuliza, "Wewe ukifunga mlango, wamfungia nani?" Nilikaa nalo juma zima. Mwisho niliona kwamba sura ya sita yamkataza mtu kusali kwa ajili ya kutazamwa, haimkatazi kujulikana kuwa husali. Mafarisayo walifungua mlango kwa kutaka sifa. Mimi nilifunga kwa kuogopa lawama. Wote wawili tulikuwa twawatazama watu, hatukumtazama Mungu. Kama nimekosea katika kufasiri, na anisahihishe ajuaye zaidi.

Sasa nataka niwapeleke Mkunazini, kwa kuwa nimesikia hata Wakristo wakisema kwamba sisi hapa Unguja ni wageni, na mgeni hunyamaza.

Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko hayo, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale. Aliyelisimamia jengo ni Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Sehemu ya kiwanja ilitolewa zawadi na tajiri mmoja wa Kihindi, ambaye hakuwa Mkristo. Paa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, la mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na wako waliosema litaanguka. Bado lipo. Wanaoongoza wageni husimulia pia kwamba nguzo fulani karibu na mlango zilisimamishwa kichwa chini miguu juu, Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Mimi nimezitazama sana nguzo zile na kila mara nacheka peke yangu. Na mahali pa altare pasemwa ndipo ulipokuwa mti wa kufungia watumwa na kuwapiga. Askofu Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare hiyo.

Yasimuliwa pia kwamba saa ya mnara ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe, kwa sharti moja tu, mnara usipite urefu wa Jumba lake la Ajabu. (Jumba hilo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.) Hadithi hii hunipendeza. Sultani Mwislamu alitaka Wakristo wajue wakati wa sala yao, ila wasimzidi kimo. Hayo si maneno ya mtu anayetaka jirani yake ajifiche.

Lakini walionigusa zaidi si maaskofu. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer vijana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wala mama pale, na lugha zao zilikuwa za mbali. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni katika Unguja. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Baada yao alikuja Cecil Majaliwa, Myao, ambaye naye aliletwa Unguja akiwa mtumwa mtoto. Alisoma Kiungani, akapelekwa Uingereza kusoma zaidi, na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata daraja hiyo. Alifanya kazi miaka mingi Chitangali, kusini, karibu na mto Ruvuma. Nafikiri juu ya umri wao walipoanza. Wengine walikuwa wadogo kuliko kidato cha kwanza. Hakuna aliyewafungia sanduku wala kuwatilia kitabu chini ya mashuka.

Nina neno moja zaidi juu ya Steere, nalo ni kwa wapenzi wa somo la Kiswahili. Yeye alijifunza lugha kwa wenyeji wa mji huu, ambao walikuwa Waislamu, akatunga kitabu chake cha sarufi kilichotoka mwaka 1870, akaanza kazi ya kufasiri Maandiko. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilipigwa chapa mwaka 1891, naye hakuiona. Basi fungueni kitabu cha sala mhesabu maneno. Sala, imani, dhambi, toba, rehema, baraka, malaika, nabii, Injili, hata neno dini lenyewe, yote asili yake ni Kiarabu, na yalichukuliwa kutoka vinywani mwa Waislamu wa mji huu. Mkristo wa Unguja hawezi kumwomba Mungu dakika mbili bila ya kutumia maneno aliyopewa na jirani yake. Nilipomwonyesha sahibu yangu wa kitanda cha juu, ambaye ni hafidhi wa juzuu kadhaa, alisema, "Basi mtulipe kodi." Tulicheka mpaka kiranja akatugombeza.

Katika mijadala ya zamani pia palikuwa na adabu ambayo yafaa tuijue. Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi hapa Unguja na kufariki mwaka 1896, alijulikana kwa kujadiliana na wamisheni juu ya dini. Kila upande ulishika msimamo wake, na kila mtu alirudi kwake akiwa na dini yake. Laiti mabishano ya dakhalia baada ya taa kuzimwa yangekuwa hivyo! Ya kwetu huanza na dini, huishia na timu za mpira, na mwisho wake mtu hurushiwa kiatu.

Mwalimu wetu wa Historia alitufundisha habari za Uganda, na kwa kuwa zimo katika somo nitazitaja kwa ufupi, ila kwa jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita. Twajua kwamba chini ya Kabaka Mwanga, katika miaka ya 1885 hata 1887, Wakristo wengi waliuawa, Wakatoliki na Waanglikana, wengi wao wakiwa vijana watumishi wa ikulu, na kwamba tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Mdogo wao aliyeitwa Kizito alikuwa mtoto wa kama miaka kumi na minne. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki ishirini na wawili kuwa watakatifu mwaka 1964. Lakini kiasi cha miaka kumi kabla ya hapo, zamani za Kabaka Mutesa, vijana wa Kiislamu waliuawa huko huko Namugongo, kwa kuwa walikataa kula nyama ya mfalme ambayo haikuchinjwa kwa sharia yao. Walikuwa watumishi wa ikulu ile ile, wa rika lile lile. Niliposikia habari hiyo niliwatazama wenzangu darasani, wa kulia na wa kushoto, nikaona kwamba ushujaa huu si mali ya upande mmoja.

Nasi hatuombwi kufa. Katika skuli hii tunaombwa kuandika neno moja la kweli katika daftari la ruhusa.

Naam, daftari. Siku moja Maalim wa dakhalia aliniita ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Maalim," naye akanionyesha kurasa tano za daftari. "Mwanangu," akasema, "huyu mjomba wako ana maradhi gani yanayompanda kila Jumaapili na kumwacha Jumaatatu?" Sikuwa na jibu. Nilisema kweli yote, hata ya mferejini. Maalim hakunikasirikia. Alichukua kalamu, akalikata neno "mjomba" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "kanisani". Kisha akaniambia, "Mimi ni Mwislamu, na dini yangu hainiruhusu nikuache useme uwongo kwa ajili ya kwenda kumwomba Mungu. Tangu leo andika kweli. Utoke saa mbili, urudi saa sita. Na huyo mdogo wako je, nani atampeleka?"

Mwalimu wa Uraia alituambia baadaye kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, zote mbili, zimeweka uhuru wa mtu kushika dini yake, na ajabu ni kwamba katika zote mbili ni kifungu cha 19. Kwa hiyo Maalim hakunifanyia hisani tu, alitimiza sheria. Lakini nasema kweli, katiba isingenipa moyo kama ulivyonipa ule mstari mmoja wa kalamu.

Sahibu yangu wa kitanda cha juu yeye alistaajabu nilipomwambia. "Kwani ulimwogopa nani?" aliuliza. "Sisi sote twajua. Mimi naamka alfajiri kila siku, natia udhu, nasali mbele yako, nimekuficha lini?" Kwa miaka miwili nilifikiri nimewaficha watu jambo, kumbe nilijificha peke yangu.

Sitadanganya kwamba mambo yote yalikuwa mepesi baada ya hapo. Mwanafunzi mmoja aliniita kafiri mbele ya watu, na kwa muda wa juma zima hakutaka kukaa meza moja nami. Iliniuma. Nilitaka kumjibu kwa neno baya nililokuwa nalo tayari, lakini katika waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, mstari wa kumi na tano, twaambiwa tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari ya tumaini letu, ila kwa upole na kwa hofu. Petro yule yule aliyekana uani ndiye aliyeyaandika hayo, na nadhani alijua gharama yake. Basi nilinyamaza. Waliomkataza ni Waislamu wenzake, si mimi. Mpaka leo hatujawa marafiki, lakini hunipa chumvi nikimwomba.

Maswali nayo yalikuja, na hapa wengi wetu hatuko tayari. Siku ya pili tu kijana mmoja mpole aliniuliza, "Mnasema Mungu ni mmoja, kisha mnasema Baba na Mwana na Roho. Mnahesabuje?" Nilianza kujibu, nikaona najikanganya, nikamwambia, "Sijui vizuri, nitakuletea jibu." Nilikuwa nimebatizwa tangu mchanga na nimepata kipaimara, lakini sikuweza kueleza imani yangu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai! Nilirudi kwa padri na daftari. Nilipomletea yule kijana jibu hakulikubali, wala sikutazamia alikubali, lakini alisema kwamba sasa ameelewa tunalosema. Yeye naye akanieleza maana ya tauhidi, kwa utaratibu kuliko nilivyoeleza mimi. Nawasihi wenzangu mjifunze. Mwenzetu Mwislamu alikwenda chuoni tangu ana miaka mitano, ajua mlango wa dini yake na madirisha yake, na wengi wetu twajua nyimbo za Krismasi tu.

Kuna kuikiri dini kwa mdomo na kuna kuikiri kwa vitendo, na hili la pili nitalitaja bila ya kulirefusha kwa kuwa kila mtu alijua. Mkristo anayevaa msalaba shingoni na kuchungulia karatasi ya mwenzake katika mtihani, heri auvue msalaba kwanza. Vile vile mwezi wa Ramadhani. Wenzetu wamefunga, jua kali, na sisi tumepewa chumba cha kulia kando. Sioni haki ya kutoka humo tukitafuna njiani. Mwaka jana sisi Wakristo tulichukua zamu za kuteka maji na kumenya mihogo ya futari siku zote za mwezi, ili waliofunga wapumzike. Hatukuambiwa na mtu. Nao usiku wa Krismasi walitufagilia uwanja, na mmoja wao akatuazima redio.

Sisi Wakristo wa dakhalia hatufiki ishirini, na hata hivyo twagombana. Mkatoliki ataka ukimya, Mpentekoste ataka makofi, Mwanglikana ataka kitabu. Jioni moja tulipoteza nusu saa tukibishana juu ya wimbo wa kufungulia, na kengele ya kulala ikalia hatujaimba. Yule kijana wa bara ndiye aliyetusuluhisha, kwa kusema kwamba kila juma aongoze mtu wa kanisa jingine na wengine wamfuate.

Maana alirudi. Nilikwenda kitandani kwake Jumaamosi moja jioni, nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile mferejini hukukosea mtu." Hakujibu upesi. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja mpaka shati la mwisho. Kisha akauliza, "Tunatoka saa ngapi?" Asubuhi tuliandika majina yetu mawili katika daftari, mstari wa juu na mstari wa chini, na sababu ni neno moja. Tulipanda daladala mpaka mjini, tukaingia Mkunazini kwa miguu. Nilimwonyesha zile nguzo. Yeye hakucheka. Alisema kwamba kama yeye angekuwa fundi, angeona haya sana Askofu aliporudi.

Mwaka huu yeye yuko kidato cha tatu na ndiye katibu wetu. Tunakutana Jumatano baada ya chakula cha usiku, katika darasa la mwisho la ghorofa ya juu, kwa ruhusa ya Maalim wa dakhalia. Wa kidato cha kwanza wasiojua njia ya kanisani, la Mkunazini au la Minara Miwili, wamwone yeye au waje kwangu, hata mferejini. Kila mtu alete kitabu chake cha nyimbo, kwani tulivyo navyo ni vitatu, na kimoja hakina jalada.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne